Punje ya Shura

Velta alipasha moto punje moja ya shura,
nyeupe, ndogo kuliko ukucha wa mtoto,
katika chumba cha chini huko Riga, Februari,
mto Daugava umeganda hadi nguzo za daraja.

Nyuzijoto mia moja ishirini na tisa.
Hukusikia kitu; kalamu ya mashine iliruka tu.
Atomu zilihama safu
kama waumini benchini wanapoombwa wasogee kidogo,
na punje ikabaki punje, nyeupe vilevile.

"Sasa iache ipoe," akasema,
"wala usikodolee kioo, kodolea karatasi."
Ikapoa. Nikangoja irudi ilikotoka.
Haikurudi.
Ilipitia nyumba ya tatu,
ambayo wakati wa kwenda haikuipigia hodi,
ikakaa humo, umeme wake umeegemea upande mmoja,
ndipo ikateremka kwao.

"Na ukiibana?"
Akakaza skrubu ya shinikizo,
jasho likimtoka juu ya mdomo.
"Ukiibana hukaa mle mle. Hata kwenye baridi."

Baba yake alirudishwa kutoka Vorkuta
mwaka wa hamsini na sita.
Alilala sakafuni, kando ya kitanda chake mwenyewe,
buti miguuni,
hadi alipokufa.

Hilo alinieleza akipangusa koleo,
kisha akaniuliza kama nimeandika namba.

Sikuwa nimeandika.
Tukaipasha tena.