Gia Nne za Kurudi Nyuma

Ekseli tuliitoa kwenye lori la maziwa lililokufa
nyuma ya ghala moja huko Sotkamo,
tukaiburuta juu ya theluji kwa mnyororo wa magogo,
ikaacha mfereji mweusi wa oili hadi mlangoni petu.

Ilizidi upana wa fremu kwa vidole vinne.
Vyako au vyangu? nilimuuliza Tauno,
maana vyake vya kulia, tangu Novemba,
havimo tena hesabuni. Vimelala pajani
kama glavu iliyosahauliwa na mgeni.

Miaka thelathini na mmoja nilishika tochi.
Yeye chini ya magari, mimi nikimmulikia,
nikigombezwa: hapo, Helvi, si hapo, hapo!
Sasa ni mimi niliyelala juu ya kadibodi,
kutu inanidondokea machoni,
na tochi anayo yeye, mkono wa kushoto,
inatangatanga darini, ukutani, usoni mwangu,
kila mahali isipokuwa penye nati.
Hapo, Tauno. Si hapo. Hapo.

Nikakata bomba la ekseli pande zote mbili.
Shafti alizifupisha Eevert, kwenye mashine yake ya kukerezea,
kwa nusu gunia la viazi na samaki wawili wa moshi.
Nikalehemu kidogo, nikapumzika,
nikalehemu upande wa pili, nikapumzika,
chuma kisije kikapinda kwa kukasirishwa.
Niliangusha timazi toka katikati ya fremu,
nikapima mshazari, kona hadi kona,
mara mbili, mara tatu,
kwa sababu kamba hukatikia pabovu
na pabovu nilijua ni wapi:
mwalimu wa hesabu aliyestaafu,
anayezijua pembe za ubaoni tu.

Springi zilikuwa na majani saba kila upande.
"Mbi," alisema Tauno. "Mbili."
Yaani tuyapunguze mawili,
hili litabeba kuni na mbwa, si mawe ya barabara.
Nikayatoa. Nikapaka grisi. Nikakaza
yuboliti nne, nati nane,
spana ndefu kifuani, mguu kwenye ukuta.
Shokamzoba mpya tulizipata kwa deni.

Siku ya kujaribu tuliliinua juu ya magogo ya msonobari.
Injini ikakohoa, ikakubali.
Gia ya kwanza.
Magurudumu yakazunguka
kinyumenyume.
Gia ya pili: kinyumenyume, upesi zaidi.

Difu tulikuwa tumeifunga kichwa chini, miguu juu.
Majuma sita, na hili ndilo lori letu:
gia nne za kurudi nyuma
na moja tu, nyonge, ya kwenda mbele.

Nilizima. Nilitaka kuitupa spana ziwani,
barafu iliyofunika maji ipasuke na mtu aisikie.
Ndipo nikasikia kitu kama pampu mbovu.
Ilikuwa nusu ya mdomo wa Tauno, ikicheka.
"Zuri," alisema, na akahangaika na neno lililofuata
kama mtu anayetafuta boliti kwenye majani marefu.
"Turudi. Ok. Oktoba."

Sikumjibu. Nilivaa miwani ya grenda
na kwa muda mrefu kulikuwa na cheche tu.
Nilikwangua vikalio vya springi, vyote viwili,
vilehemu vyangu vizuri, vya kujivunia,
nikageuza ekseli, nikaanza tena kwenye timazi.

Mei, barabara ilipoacha kuwa matope,
tulipakia kuni za betula hadi majani yale matano
yakanyooka karibu kama rula.
Linakwenda mbele. Linapiga kona bila kulalamika.
Ila kushoto, nyuma, tukivuka daraja,
kuna mlio mdogo, kama panya ndani ya bushi.
Nimelala chini yake mara nne, siuoni.
Tauno anamulika.
Anamulika vizuri siku hizi.