Tairi la Mbele

Kila tupikapo, kabla maji hayajachemka,
tunachota konzi moja ya mchele, tunaitia kando,
kwenye kopo la bati lililo jirani na jiko.
Hilo ni fungu la wamisionari.
Mama alifanya hivyo, na mama yake,
wala hakuna aliyeuliza konzi ni ya mkono wa nani.
Mimi nina mkono mdogo. Nimeushukuru siku nyingi.

Jumamosi mwenye kukusanya ni mimi.
Nyumba hadi nyumba, kijiji kizima juu ya mgongo wa mlima,
kikapu nyuma, ukanda wake umenibana paji la uso,
nabisha, nasema, "Mchele wa Bwana,"
kama mtoza kodi anayeona haya.

Mwaka huu mianzi imechanua.
Ni mara moja katika miaka hamsini kasoro,
na ua lenyewe halina uzuri,
ndevu tu za mzee aliyesinzia na makapi mdomoni.
Baada ya ua, mbegu. Baada ya mbegu, panya.
Shamba la Thangvunga lililala na mpunga, likaamka mabua.

Ndipo barua ya Chhuanvawra ikafika,
kijana wetu, tuliyemtuma kaskazini,
ng'ambo ya Brahmaputra, kwa watu ambao lugha yao
bado anaisema, aandika mwenyewe, kama mtu atafunaye kokoto.
Anamsalimu kila mtu kwa jina. Anauliza habari za nguruwe.
Kisha, chini kabisa, mwandiko umekuwa mdogo:
pikipiki imekwisha matairi. Yote mawili.
Kama Bwana atawagusa.

Bwana alikuwa ametugusa tayari, kwa meno ya panya.
Nililisema hilo kwa sauti kwenye kikao cha akina mama,
na katibu, Zodingliani, hakuliandika.

Jumamosi ile niliazimia kuiruka nyumba ya Ngurthangi.
Mjane. Miaka themanini na ushei; aliyekuwa akiihesabu amekufa.
Alhamisi nilimwona kwenye foleni ya msaada wa serikali:
kilo tano, mchele wenye vumbi la ghala,
akirudi nao ameupakata kama mjukuu.
Nikanyata mlangoni pake. Mbwa ndiye aliyenichongea.

"Wanipita kwa nini? Nimekufa?"
"Bibi, mwaka huu..."
"Soma barua."

Nikasoma. Mbwa naye akasikiliza.
Nilipofika kwenye matairi nilikohoa, nikaruka mstari.
"Rudi pale ulipokohoa."

Akainuka kwa kushika nguzo, akafunua kopo.
Nikamwambia, "Huo umepewa, bibi. Umepewa ule."
"Na ule mwingine, wa miaka yote, niliuumba mimi?"

Akachota. Mkono wake ni mkubwa, wa jembe,
vidole haviwezi tena kufumba sawasawa,
punje zikamwagika, tukaziokota wote wawili magotini.
Akautazama mchele kiganjani. Akautazama sana.
Akarudisha nusu.

"Mwandikie," akasema, "nimelipia tairi moja.
La mbele. La nyuma akaombe kwa Wabaptisti."

Mchele wa kijiji kizima haukufika debe.
Jumatatu tuliuuza mlangoni mwa kanisa, kama kawaida,
na kwa kuwa mlimani hakuna mnunuzi mwingine
tulinunua wenyewe tulichotoa wenyewe,
kwa bei ambayo Zodingliani aliitaja bila kuinua macho.
Hakuna aliyeshusha. Thangvunga alinunua vibaba viwili
kwa fedha ya nguruwe wake wa mwisho,
akaondoka bila kungoja sala.

Usiku nilipika. Nikachota konzi, nikatia koponi.
Maji yakachemka. Nikachota nyingine,
nikairudisha chunguni. Nikaichota tena.

"Unahesabu nini hapo?" mume wangu akauliza.

"Matairi," nikasema.