Fremu Tatu

Wamenikabidhi mruko.
Wengine wamepewa joka, mvua, nywele za shujaa
(nywele! watu wanne, miezi tisa, nywele tu),
mimi nimepewa mruko wa Yajuro,
tangu kitufe kinapobonyezwa
hadi unyayo unapoaga ardhi.

Ghorofa ya sita, Juso, ng'ambo ya mto Yodo.
Treni inatetemesha chai yangu kila dakika nne.
Ukutani wamepanga majalada kumi na moja,
miaka thelathini na mitatu ya mtu mmoja na upanga wake,
na chini yake, kwa wino wa kijani, mwandiko wa Bi Orimoto:
TUNAANZA UPYA.

Kipya kinyemi, najua. Hata kidonda.
Wa nane uliuzika.
Katika wa tisa walimpa bunduki.
Katika wa kumi walimpa mke, wakamuua mke,
wakamliza sekunde arobaini usizoweza kuzipita.
Wa kumi na moja hatuutaji ofisini.
Aliyeuongoza anauza tambi huko Himeji,
na wanasema ni tambi nzuri.

Basi nikafungua ule wa kwanza,
msimbo alioupiga Kuramochi Eisaku kabla sijazaliwa,
enzi ambazo kumbukumbu ya mashine
ilipimwa kwa kijiko, kama zafarani.
Nikakuta hivi: ukibonyeza, shujaa haruki.
Anangoja. Fremu tatu.
Sehemu ya ishirini ya sekunde; kope lina safari ndefu zaidi.
Nikasema, kosa. Mashine kuukuu, mzee wa watu, kosa.
Nikalifuta nikaenda kula.

Jumatatu tuliwaita wachezaji sita.
Mmoja wao, Ukita, dereva wa lori la barafu,
vidole kama tangawizi,
alicheza dakika mbili, kisha akaiweka pedi mezani
taratibu, kama anayerudisha mtoto asiye wake.
"Nywele nzuri," alisema.
Akavaa koti.
"Lakini huyu siye. Huyu haogopi kuanguka."

Usiku huo nilirudi kwenye msimbo.
Kando ya ule mstari niliokuwa nimeufuta
palikuwa na neno moja, nisingeliona bila aibu:
goti.
Nikalifuata mchezo hadi mchezo.
Wa tatu, fremu mbili. Wa sita, moja.
Ilipoingia bunduki, goti lilikuwa limekwisha.
Hakuna aliyelikata. Liliisha
kama sabuni inavyoisha katika nyumba ya watu wengi,
kila mtu akidhani kanawa tu.

Kuramochi amekufa. Aliyebaki ni Bi Tamae wa sauti,
ambaye mlio wa upanga aliutoa kwa upawa na beseni la kuogea.
Nilimuuliza, kwa nini tatu?
Alicheka mpaka akavua miwani.
"Alisimama pale, penye mashine ya kahawa sasa,
akaruka. Akaruka tena. Mchana kutwa anaruka,
mimi nimeshika saa.
Wa ghorofa ya chini walipanda kulalamika,
akawaomba nao waruke."

Mkutanoni Bi Orimoto alipitia orodha.
Joka: jipya. Mvua: mpya, kila tone na kivuli chake.
"Na mruko? Kipya ni nini?"
"Goti," nikasema.
Aliandika kitu. Sikuona kama ni jina langu.

Ni saa nane usiku, na peke yangu
nimesogeza viti ukutani.
Naruka. Nahesabu. Naruka.
Mlinzi amepanda ngazi, tochi mkononi, anauliza kuna nini.
"Ruka kidogo," namwambia, "tafadhali. Mara moja tu."
Ananitazama.
Anaiweka tochi sakafuni.
Anakunja magoti.