Ondoa Tiki

Mama Ndahani hana simu janja. Ana karatasi,
anwani imeandikwa kwa kalamu nyekundu,
herufi, vistari, namba, kama cheti cha dawa.
Naichapa kwenye kivinjari.
Kinabisha hodi: "Ruhusu kipaza sauti?"
"Kinauliza kama unaruhusiwa kuongea," namwambia.
Anacheka. "Tangu lini nikaulizwa?"

"Mbukwa, mwanangu."
Sauti inatoka Kibaigwa, inafika Ankara
imechelewa sekunde nzima;
salamu zinapishana njiani
kama malori ya mahindi.
Anajifunza kungoja: anasema neno,
anafumba mdomo, anahesabu kwa kidole gotini.

Nyuma ya ukuta mashine ya Chilongani inasaga,
na mimi, fundi mjuaji,
nilishaweka tiki: "Punguza kelele."
Hata upepo unaochapa bati hauvuki.

"Mama, uko wapi?
Mbona kimya hivyo? Umelazwa?"
"Niko dukani kwa Masima."
"Hapana. Kwa Masima hakuko hivyo."

Naondoa tiki.

Inaingia mashine yote, na mkanda wake unaolia,
linaingia bati, mpiga debe wa Gairo,
mbuzi wa watu, mtu anayedai chenji yake.
Upande wa pili, kimya.
Nadhani mtandao umekata, nasogeza kishale.

"Usiguse," mama anasema.

Halafu, kwa mbali:
"Bado wanasaga?"
"Bado."

Dakika nne hakuna aliyeongeza neno.
Hizo siziandiki daftarini.