Mashine Haina Kitufe cha Kimya

Nililipwa kwa ukurasa, si kwa ukweli.
Vitufe ishirini na viwili chini ya vidole,
mguu mmoja umevuliwa kiatu chini ya meza,
pangaboi likizunguka kama mgeni asiyejua pa kukaa.
Ilikuwa Agosti, Alabama, mwaka wa tisini na moja.
Hata Biblia ya kuapia ilikuwa na jasho.

Mwendesha mashtaka akamuuliza Coralee Stubbs,
binti wa kituo cha mafuta, miaka kumi na tisa,
kucha kazitafuna hadi nyama:
"Aliyempiga risasi mwajiri wako yumo humu ndani?"

Hakujibu.
Nikainua vidole, nikangoja.
Alimtazama Lemuel Askew
aliyevaa suti ya kuazima, mikono imeishia juu ya vifundo.
Akatikisa kichwa, kidogo, kama anayefukuza nzi.
Wakili wa Lemuel alikuwa anatafuta miwani mkobani.
Kisha macho ya binti yakavuka, yakaenda safu ya nyuma
kwa mpelelezi Rudd, aliyekuwa anakunja gazeti.
Rudd akainamisha kidevu.
Nilihesabu, mazoea tu ya kazi: sekunde kumi na moja.
"Ndiyo," akasema. "Yule."

Nikaandika.
Jibu: Ndiyo. Yule.
Ukurasa wa mia sita na kumi na mbili, mstari wa tisa.
Safi, bila doa la wino.

Miaka ishirini na minane kesi ilipanda ngazi,
kwanza za jimbo, ikigongwa muhuri kila kidato,
halafu za shirikisho, kule Atlanta, kwenye marumaru,
kwa majaji watatu ambao pua zao
hazijawahi kuingia katika chumba kile.
Huko hawaulizi kama ni yeye aliyeua.
Hayo alinieleza wakili kijana, Tamsin Oyler,
jikoni kwangu, barafu ikiyeyuka kwenye chai yake:
"Swali lao ni kama majaji wa jimbo walikosea.
Na kukosea tu hakutoshi, mama.
Lazima liwe kosa ambalo jaji yeyote
mwenye akili timamu asingelikosea."
Nikamwambia, kumbe yapo makosa yenye adabu.
Hakucheka.

Ndipo nikamwambia habari za kidevu.
Kalamu yake ilisimama. Akauliza, "Kwa nini leo?"
Kwa sababu ni leo nimeulizwa.
Jibu hilo nalo lilikuwa safi, bila doa.
Nikala kiapo, nikatia sahihi, mkono ukitetemeka
kwa uzee, nilimwambia mthibitishaji. Kwa uzee.

Hukumu ina kurasa arobaini na nne.
Nimeisoma kwa miwani ya kushonea.
*Kumbukumbu za kesi hazionyeshi kusita kokote.*
Kumbukumbu za kesi.
Yaani mimi.
*Kiapo cha mwandishi kimechelewa. Mahakama hii hutazama
kile tu kilichokuwa mbele ya mahakama ya jimbo.*
Wawili wamekubaliana. Mmoja amepinga, kurasa tatu,
kwa hasira nzuri ya mtu aliyeshindwa kura,
na jina langu, Verna Culpepper,
amelikosea herufi moja.

Wamempangia Alhamisi, saa kumi na mbili jioni.

Jana usiku niliitoa ile mashine kabatini,
nikaipangusa vumbi, nikatia karatasi.
Nikapiga swali la mwendesha mashtaka, neno kwa neno.
Nikainua vidole.
Moja. Mbili. Jokofu likanguruma, likanyamaza.
Saba. Gari likapita barabarani.
Kumi na moja.

Wanasema kimya kina mshindo.
Karatasi haikusogea.
Husogea tu kitufe kikibonyezwa, ndivyo ilivyoundwa.
Nikapiga: Ndiyo. Yule.
Swali na jibu vikalala mstari chini ya mstari,
vimegusana,
hata kidole hakipenyi.