Idadi ya Mifugo

Karani wa ushirika alitoka Malindi kwa pikipiki,
akafungua fomu juu ya goti, akauliza:
ng'ombe wangapi, mama? Mbuzi? Kuku?
Nikamwambia andika laki mbili na ushei.
Kalamu ikasita.
Nikaingia ndani, nikarudi na glasi,
nikaiinua mbele ya dirisha:
vumbi la rangi ya chungwa, linatembea.

Mavyaa huwaita chawa wa maji.
"Nyevu amekosa kazi, anafuga chawa."
Mimi nawaita artemia, kama alivyonifundisha mwanawe,
Baya, ambaye hakula chumvi nyingi;
chumvi ndiyo iliyomla, nyayo kwanza,
miaka kumi na tisa kwenye mabwawa ya Kurawa.
Ni yeye aliyenionyesha pembe ya bwawa,
kule upepo unakoishia,
ambako alfajiri povu hujikusanya
na ndani ya povu mayai, ya kahawia, laini kama ugoro.
Ukiyakausha yatakaa mwaka, miwili, kwenye kopo la maziwa,
hayali, hayaombi, hayaozi.
Kufa si huku. Kulala nako si huku.
Sina neno lake.

Chupa za soda nimezikata vitako,
nimezipindua, zinaning'inia kwenye boriti
kama popo walioshiba.
Maji ya bahari yaliyochujwa kwa leso kuukuu,
mpira mwembamba wa hewa,
taa moja, siku moja na usiku wake.
Kisha nazima pampu, namulika chini:
maganda matupu yanapanda juu,
walio hai wanashuka kuifuata taa.
Sikuwafundisha. Hakuna aliyewafundisha.

Jumanne stima ilikatika saa saba usiku,
Gongoni nzima.
Kimya ndicho kilichoniamsha.
Nikamwamsha Mapenzi, nikamwamsha mavyaa,
yule yule wa chawa,
tukafunga mpira kwenye pampu ya baiskeli ya marehemu
tukapokezana, ishirini ishirini,
yeye akihesabu kwa Kigiriama, akilaani kwa Kiswahili,
mpaka mkono ukamwia mzito, akauliza:
"Na hawa, wakishaamka, wanakuwa nini?"
Chakula, nikasema.
Akatazama pampu ya mwanawe.
Akaendelea kupiga.

Sehemu hii sikumwambia karani.
Siku ya kwanza hawana mdomo.
Wanaogelea kwa akiba ya kiini cha yai,
na akiba hiyo ndiyo utamu wao;
ukichelewa nusu siku, wakaambua ngozi, wakafungua kinywa,
wamekwisha kujila wenyewe,
umebaki na maji yenye miguu.
Kwa hiyo nawachota kabla.
Miaka miwili wamengoja kwenye kopo
niwaamshe asubuhi, waliwe adhuhuri,
bila kuonja hata tone.
Kamba wangu wachanga, wembamba kama kope,
huwarukia,
na matumbo yao, yanayoonyesha kila kitu kama kioo,
hugeuka rangi ya chungwa mbele ya macho yangu.
Siwaombi msamaha.
Kuzoea pia sijazoea.

Karani alitafuta kisanduku. Hakikuwepo.
Mwishowe akaandika "Wengineo", na mbele yake, 1.
Moja?
"Aina moja, mama."
Akamaliza chai, akaomba aitazame tena ile glasi,
akaileta karibu na jicho mpaka pumzi yake ikaifunika ukungu,
akaufuta kwa mkono wa shati,
akatazama.
Nami nikatazama saa ya ukutani.
"Upesi, baba," nikamwambia,
"wanakaribia kupata mdomo."