Tazama Pia

Kila Jumanne, chini ya maktaba ya Pelkola,
mimi na Impi Saarela na mashine yenye kikohozi
tunasoma gazeti la mji, la kila Alhamisi, mwaka wa 1906.
Theluji imefika kwenye kitasa cha mlango.
Filamu inapita: bei ya viazi, dawa ya mgongo,
sabuni inayoapa kung'oa doa lolote duniani.
Sabuni haiingii kwenye faharasa.
Huingia majina.

Impi alibandika kanuni ukutani kwa gundi, asije mtu akaibishia:
ubini kwanza, jina, tarehe, ukurasa, safu.
Lililopigwa chapa ndilo liandikwe, hata likiwa kosa.
Na mpanga herufi alikuwa mtu wa Cornwall,
Kifini kilimpita sikioni kama upepo wa ziwani,
basi Kyyrönen mmoja, seremala,
alipooa akawa Kironen,
aliposhtakiwa kwa ulevi akawa Curnan,
na siku ya kuzikwa, K ikafuatwa na doa.
Watu wanne kwenye droo yangu, maiti mmoja makaburini.
Nimewashona kwa maneno mawili: tazama pia.

Hata farasi wa Tregonning, Malkia, alipoteleza kwenye barafu
akavunja gari la maziwa, alipata aya nzima na jina lake.
Wake za watu hawakupata.
Lisemwalo lipo, tunaambiwa; lisilosemwa je?
Juni, shimo la nne lilipoporomoka,
wajane waliojipanga mlangoni mwa kampuni kupokea dola hamsini
waliorodheshwa kwa majina ya waliolala chini:
Bi. Eino Lampi. Bi. Josip Vukelich. Bi. Eino mwingine.
Kadi inadai jina.
Nikachora mabano, ndani yake peupe,
kwa penseli. Impi aliona, akanyamaza;
kanuni yake haikusema lolote kuhusu penseli.

Mwezi uliopita ikaja barua kutoka Adelaide,
mwandiko wa mtu aliyefunzwa kuandika kwa rula.
Anamuulizia babu yake, Josip, aliyefia mgodini;
kwao ana picha ukutani na mshumaa kila Juni.
Nikamtafuta. Yupo: Juni 14, ukurasa wa kwanza, safu ya pili,
wa saba kati ya kumi na mmoja.
Kisha nikamwona tena.
Novemba 22, ukurasa wa nne,
katikati ya mafuta ya nywele na kuku walioibwa:
Joe Vukelich, zamani wa Pelkola,
amefungua kinyozi mji wa jirani, yeye na mkewe mpya.
Huenda ni binamu. Huenda mpanga herufi alikosea, kama kawaida yake.
Huenda siku ile mtu alitokea upande wa pili wa mlima,
akasoma jina lake kwenye orodha,
akaliacha hapohapo.

Nikamwuliza Impi: niandike nini?
"Ukurasa na safu," akasema, akaendelea kumega mkate wake.
Nikaandika kadi mbili. Nikazitazama hadi chai ikapoa.
Yale maneno mawili ya kuziunganisha
bado sijayaandika. Kila Jumanne nazitoa,
kila Jumanne nazirudisha, moja nyuma ya nyingine,
zinagusana tu kwa sababu ya alfabeti.

Ila mwishoni mwa barua, chini ya sahihi, palikuwa na nyongeza,
kama mgeni aliyekumbuka jambo dogo akiwa tayari amevaa viatu:
bibi yetu, aliyefua nguo za wachimbaji miaka thelathini,
aliitwa Mandica.

Jina hilo halikupigwa chapa Alhamisi yoyote.
Impi alikuwa juu, akichemsha maji.
Nikavuta droo ya V.
Nikachukua kalamu ya wino.